USIPOZIBA UFA: SOMO KUTOKA KARAKANA YA MBAO

Tumezoea kusoma hapa makala ya ngeli, methali na ushairi. Mwaka huu nimemwomba mhariri aniruhusu niwaletee somo la karakana: jinsi ya kutengeneza kipande kilichovunjika cha bendiso kuukuu. Msicheke. Lugha inayoweza kueleza mapenzi na siasa lazima iweze kueleza pia bolti na springi, la sivyo mafundi wetu watabaki wakisema "ile kitu" na "hiyo kitu" mpaka kiama.

Tena kuna methali tunayoikariri tangu shule ya msingi: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, lakini karakana ilinifundisha kuiongezea neno moja. Ukiuziba ufa bila kujua umetoka wapi, utauziba tena mwezi ujao. Hilo ndilo somo langu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

1. BENDISO NI KITU GANI?

Bendiso, au ukipenda msumeno wa mkanda, ni mashine ya kupasulia mbao. Ina magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Juu ya magurudumu hayo hupitishwa utepe mwembamba wa chuma cha pua wenye meno upande mmoja. Mafundi huuita bledi. Ncha mbili za utepe huo huunganishwa hata ukawa mviringo usio na mwanzo wala mwisho. Mota huzungusha gurudumu la chini, nalo huivuta bledi, na bledi hulizungusha gurudumu la juu. Mbao husukumwa juu ya meza mpaka ikutane na meno yanayoshuka. Kwa kuwa meno hushuka daima, mbao hukandamizwa mezani, hairushwi usoni pa fundi.

Wazo lenyewe si la jana. Mwingereza William Newberry wa London alipata hataza ya msumeno wa namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa miaka mingi haukufaa kitu, maana bledi ilikuwa ikikatika pale pale ilipounganishwa. Mwaka wa 1846 Mfaransa Anne Paulin Crepin aliomba hataza ya njia bora ya kuziunganisha zile ncha, kisha haki ya kuitumia ikauzwa kwa kampuni ya Perin ya Paris. Hapo ndipo bendiso ilipoanza kuenea. Mnaona? Mashine nzima ilikaa miongo kadhaa ikingojea kiungo kimoja tu kiwe imara.

2. SEHEMU NA MAJINA YAKE

Kabla hatujaingia kwenye ufa, tujue majina. Nimetumia maneno ambayo mafundi wa hapa kwetu huyatumia, na pale ambapo hawana neno nimeeleza kwa ufupi.

(a) Nguzo: mwili wa mashine unaobeba vyote.
(b) Gurudumu la juu na la chini: yamevishwa mpira ukingoni ili bledi isiteleze wala meno yasilike.
(c) Braketi: kipande kilichoshika mhimili wa gurudumu la juu. Hupanda na kushuka kwenye nguzo.
(d) Usukani: ukiuzungusha, skrubu ndefu huisukuma braketi juu na bledi hukazika.
(e) Springi: hukaa kati ya skrubu na braketi. Ikumbukeni hii.
(f) Vielekezi: vipande vinavyoishika bledi kushoto na kulia isiyumbe, pamoja na beringi ya nyuma inayoizuia isirudi mgongoni mbao inaposukumwa.
(g) Meza, mfuniko wa magurudumu, puli, mkanda wa mota na swichi.

3. ILIKUWAJE?

Mjomba wangu ana karakana ya useremala hapa Wang'uru, mji ambao wengi bado huuita Ngurubani. Likizo ya Agosti nilikaa kwake nikimsaidia kufagia, kupiga msasa na kubeba mbao. Bendiso yake ni ya chuma cha kusubu, nzito kama ng'ombe, na kuukuu kiasi kwamba jina la waliyoiunda limefutika. Wanaume watatu wenye familia hupata riziki kwayo. Wakati huo walikuwa na kazi ya madawati ya shule moja ya chekechea, na yalitakiwa kabla muhula haujafunguliwa.

Mbao zetu nyingi hutoka mashambani. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, maseremala wa pande hizi walizidi kutegemea miti ya wakulima, hasa ile mikima inayopandwa mipakani mwa mashamba. Hata baada ya amri hiyo kuanza kulegezwa mwaka wa 2023, mikima haikuacha kuletwa. Ni mbao nzuri, lakini mti wa mpakani ndio hupigiliwa misumari ya seng'enge. Mti hukua, gome hufunika, na msumari hubaki ndani ukimngoja mwenye msumeno.

Basi siku moja bledi ikakutana na msumari. Ulisikika mlio kama wa risasi, bledi ikakatika, na gurudumu la juu likainama upande. Mashine ilipofunguliwa tukaona braketi imepasuka karibu na tundu la mhimili.

Nilimuuliza, "Mjomba, si tununue nyingine tu?"

"Nyingine wapi, kijana wangu? Hii haina duka. Aliyeiunda hayuko, na mpya nikinunua nitawalipa nini hawa?"

Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kupita, akaikagua mashine kwa macho na kutaja bei ya kilo. Kwa hiyo swali halikuwa la udadisi. Kama braketi haingetengenezeka, bendiso ingekwenda kwenye mizani, na wale watatu wangerudi kupasua mbao kwa mikono.

4. KUCHUNGUZA KABLA YA KUSHIKA NYUNDO

Jambo la kwanza Mjomba alilofanya ni kuzima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, siyo ile ya mashine tu. Kisha akalegeza usukani na kutoa bledi. Baada ya hapo alivua magurudumu na kuifungua braketi yote.

Ufa mmoja tuliuona kwa macho. Lakini Mjomba alisema ufa mmoja hutembea na ndugu yake. Njia ya kumtafuta huyo ndugu ni rahisi, na hata ninyi mwaweza kuijaribu kwenye kipande chochote cha chuma:

(i) Osha kipande kwa mafuta ya taa, kiache kilowe dakika kadhaa ili mafuta yapenye nyufani.
(ii) Kifute kikauke kabisa kwa kitambaa safi.
(iii) Saga chaki na unyunyize unga wake juu ya chuma.
(iv) Ngoja. Penye ufa, mafuta yaliyofichama yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye unga mweupe.

Chaki ya mwalimu, jamani! Tuliona mstari wa pili, mwembamba kama unywele, upande wa nyuma. Kama tungeuziba ule wa kwanza peke yake, huu wa pili ungemaliza kazi.

Yale magurudumu nayo tuliyapima kwa sauti. Unalining'iniza gurudumu kwa kamba na kuligonga kidogo kwa mpini wa nyundo. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Yetu yote mawili yalilia vizuri.

5. NANI ALIYEIVUNJA BRAKETI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ukimuuliza mpita njia atasema ni msumari. Lakini msumari hukutana na bendiso mara nyingi, na mara nyingi ni bledi tu inayokatika. Mbona safari hii braketi ikapasuka?

Mjomba aliishika ile skrubu ya kukazia, akaigeuzageuza. Mahali pa springi palikuwa na kipande cha bomba la chuma. Yaani zamani, kabla mashine haijanunuliwa na Mjomba, springi ilikufa na mtu akakata bomba la urefu uleule akaliweka pale. Bledi ilikazika, mashine ikafanya kazi, na kila mtu akasahau.

Springi ile ina kazi mbili. Kwanza, bledi inapokata hupata joto na kurefuka kidogo. Springi hujinyoosha na kuifuata, bledi isilegee. Pili, bledi inapogonga kitu kigumu, springi hujikunja na kuumeza mshtuko. Bomba halijikunji. Mshtuko wote wa msumari ulipita kwenye skrubu na kuishia kwenye braketi, na chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka.

Ili mwone uzito wa jambo hili, tufanye hesabu ndogo. Bledi yetu ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 0.7. Eneo la mkato wake ni 20 × 0.7 = milimita mraba 14. Bledi ya kawaida hukazwa kwa kadiri ya nyutoni 100 kwa kila milimita mraba. Kwa hivyo upande mmoja huvuta nyutoni 1,400. Bledi ina pande mbili zinazoning'inia kwenye gurudumu moja, kwa hiyo braketi hubeba nyutoni 2,800, karibu sawa na uzito wa kilo 280. Hayo ni magunia matano na nusu ya mchele, yale ya kilo 50, yakining'inia kwenye kipande unachoweza kukikumbatia. Na hapo bado hujagonga msumari.

Kwa hiyo braketi haikuwa mkosaji. Ilikuwa ya mwisho katika mlolongo: mti wa mpakani, msumari, bomba badala ya springi, kisha ufa. Kuziba ufa na kuliacha bomba ni kazi bure.

6. NJIA ZILIZOKUWAPO

Tulikuwa na njia nne.

Ya kwanza, kununua braketi nyingine. Haikupatikana.

Ya pili, kuchomelea kwa umeme kwa fimbo za kawaida, zile za kuchomelea mageti. Ni rahisi na iko kila kona ya mji, lakini haifai. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kiasi cha asilimia 2 hadi 4. Ukikiyeyusha ghafla mahali padogo na kukiacha kipoe haraka, huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo, na hupasuka kando ya mchomeleo wenyewe. Zipo fimbo za nikeli zinazofaa, ila ni ghali na si rahisi kuzipata.

Ya tatu, kuchonga kielelezo cha mbao na kusubu braketi mpya ya alumini, kama mafundi wa jua kali wanavyosubu sufuria. Alumini ya masufuria chakavu haina nguvu ya kubeba uzito niliowatajia.

Ya nne, kulehemu kwa shaba kwa moto wa gesi. Hapa chuma hakiyeyuki. Chuma cha kusubu huyeyuka kwenye nyuzi 1,150 za Selsiasi au zaidi, lakini fimbo ya shaba huyeyuka karibu na nyuzi 900. Kwa hiyo chuma hutiwa moto mpaka kiwe chekundu cha giza, na shaba huyeyuka juu yake na kukishika. Kwa kuwa braketi ya bendiso haipati joto kali ikiwa kazini, shaba hiyo haitalegea. Tulichagua hii ya nne.

7. KULEHEMU, HATUA KWA HATUA

Kazi ilifanywa na mzee mmoja mwenye mitungi ya gesi. Mjomba alimwita Mzee, nami nikamwita Guka, kama tunavyowaita wazee wa rika la babu. Nilishika daftari, na haya ndiyo niliyoyaandika.

Hatua ya 1. Kila mwisho wa ufa alitoboa tundu la milimita 3 kwa keekee. Ufa ukifika kwenye tundu la mviringo hukosa ncha kali ya kusonga mbele nayo, basi husimama.

Hatua ya 2. Aliuchimba ufa ukawa bonde lenye umbo la herufi V, ili shaba ifike chini. Alitumia tupa, si jiwe la umeme. Nilipomuuliza sababu alisema, "Jiwe linapaka masizi." Maana yake ni kwamba kaboni iliyomo ndani ya chuma hicho husambazwa juu na jiwe, na shaba haishiki penye kaboni.

Hatua ya 3. Alichoma mafuta yote yaliyonyonywa na chuma kwa miaka mingi, akasugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa.

Hatua ya 4. Aliingiza mhimili wa zamani kwenye tundu lake, na braketi akaifunga kwa bolti juu ya bamba nene lililonyooka. Bila hivyo kipande kingepinda motoni na magurudumu yasingelingana tena.

Hatua ya 5. Alipasha braketi nzima polepole, siyo penye ufa tu. Sehemu moja ikipanuka na nyingine ikiwa baridi, ufa mpya huzaliwa.

Hatua ya 6. Alichovya fimbo ya shaba yenye moto kwenye unga wa boraksi, akaanza kujaza bonde tabaka kwa tabaka. Boraksi huyeyusha kutu na kuisafishia shaba njia. Wakati huo alituamuru tusimame upande upepo unakotoka, maana moshi mweupe wa shaba una zinki na huleta homa.

Hatua ya 7, nayo ndiyo iliyonifurahisha kupita zote: kupoza. Chuma cha kusubu kikipozwa haraka hupasuka, hata kama kazi ilikuwa safi namna gani. Wengine hutumia chokaa au mchanga mkavu. Guka alikuwa na pipa la majivu ya makapi ya mpunga. Hapa Mwea, makapi yapo milima kwa milima nyuma ya mashine za kukobolea. Majivu yake yana silika nyingi na hulishika joto sana, hata viwanda vya chuma duniani huyatumia kufunika chuma kilichoyeyuka kisipoe. Alizika braketi ndani ya pipa saa kumi jioni. Asubuhi tulipoichimbua ilikuwa bado vuguvugu!

Hatua ya 8. Mjomba alipima tena kwa mafuta ya taa na chaki. Hapakuwa na mstari. Kisha akaongeza bamba la pua la milimita 6 nyuma ya braketi na kulifunga kwa bolti nne, kama kiraka kwenye goti la suruali. Alisema shaba ishike, na bamba lisaidie.

8. KURUDISHIA MASHINE

Springi. Tuliipima nafasi yake, upana na urefu, tukaenda nayo vipimo kwa muuza vipuri vya malori. Springi ya kukazia bledi lazima iwe ya waya mnene. Tuliijaribu kwenye jiliwa: ikibanwa na kuachiwa irudi urefu uleule. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba bledi ikishakazwa, mizunguko ya springi isigusane. Ikigusana, springi imegeuka bomba, na mmerudi mlikotoka.

Beringi. Kwa vile gurudumu lilikwisha kuvuliwa, tulibadilisha beringi zake zilizokuwa zikikwaruza. Wang'uru kuna faida yake: mashine za mpunga hula beringi na mikanda, kwa hiyo maduka yanazo. Za kwetu ziliandikwa 6205 2RS. Namba hiyo husomeka. Tarakimu mbili za mwisho, yaani 05, zidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu. Kwa zile ndogo kariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Herufi 2RS maana yake ina vifuniko viwili vya mpira, vumbi la mbao lisiingie. Mwenye kujua kusoma namba hiyo hadanganywi dukani.

Mstari. Magurudumu mawili yanatakiwa kuwa uso mmoja. Tulilaza ubao mrefu ulionyooka kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, tukarekebisha mpaka ukagusa kote. Baada ya kuvisha bledi tulizungusha gurudumu kwa mkono, umeme ukiwa bado umezimwa, huku Mjomba akiinamisha gurudumu la juu kidogo kidogo mpaka bledi ikatembea katikati ya mpira.

Vielekezi. Hivi huwekwa mwisho, si mwanzo. Viache nafasi ya unene wa karatasi tu kutoka kwenye bledi, na beringi ya nyuma isiguse mgongo wa bledi mpaka mbao isukumwe.

Majaribio. Mashine iliwashwa bila mbao kwa dakika kumi, sote tukiwa tumesimama mbele, si ubavuni ambako bledi iliyokatika hurukia. Kisha mbao laini, kisha mkima. Madawati yalikwisha siku mbili kabla ya kufungua shule. Baada ya wiki moja Mjomba alipitisha chaki tena, na braketi ilikuwa safi. Siku hizi kila ubao wa mkima hupitiwa kwanza kwa sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kamba. Ikivutika, msumari upo.

9. WAKATI WA KUKATAA

Msije mkadhani kila kitu hulehemiwa. Braketi hukaa mahali pamoja. Gurudumu huzunguka. Gurudumu lenye ufa halitengenezwi katika karakana ya kawaida, hata fundi awe hodari vipi, maana likipasuka mwendoni vipande vyake huruka kama mawe ya kombeo. Guka alinieleza kwamba amewahi kurudisha kazi ya namna hiyo na pesa zake. Kujua kukataa nako ni ufundi.

10. TURUDI KWENYE LUGHA

Nimejifunza kwamba maneno mengi tunayodhani hayapo, yapo. Jiliwa, keekee, tupa, kusubu na lehemu yamo kwenye kamusi, na wazee wa karakana huyajua mengine. Neno pua lina maana mbili: kiungo cha usoni, na chuma kigumu. Neno ufa liko katika ngeli ya U-ZI: ufa huu, nyufa hizi. Kitenzi kutengeneza kina utata, kwani humaanisha kuunda kitu kipya na pia kurekebisha kilichoharibika. Ukitaka kueleweka dukani, sema kuunda kwa jambo la kwanza na kukarabati kwa la pili. Na tuache kumwambia muuza vipuri "nataka ile kitu ya juu". Taja jina, umbo na kipimo, naye atakuletea.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kuchomelea na kulehemu.
2. Beringi imeandikwa 6204. Tundu lake lina milimita ngapi?
3. Urefu wa bledi hupatikana hivi: zidisha kwa mbili umbali kati ya vituo vya magurudumu, kisha ongeza mzingo wa gurudumu moja. Ikiwa umbali ni sentimita 110 na kipenyo ni sentimita 60, bledi ina urefu gani? (Tumia pai ya 3.14. Jibu: sentimita 408.4.)
4. Mota inazunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli yake ina sentimita 10, na puli ya gurudumu ina sentimita 25. Gurudumu linazunguka mara ngapi kwa dakika?
5. Andika insha yenye mada: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyesha ufa ulitoka wapi kabla ya kuonyesha ulivyozibwa.

Swali la tano ndilo gumu, nami ningefurahi kusoma majibu yenu. Madawati yetu yanayumba, bomba la maji karibu na bweni linavuja kila muhula na kila muhula huzibwa kwa mpira wa baiskeli. Pengine tukae chini, Chama chetu na wale wa somo la Fizikia, tuulize kwa Kiswahili fasaha: bomba hili, ni nani aliyeitoa springi yake?

Wasalaam.